Mwanza Mbili kwa Muda wa Saa Tisa: Uchambuzi wa Kuhamisha Seva ya Mchezo

Seva tunayoisimamia mimi na mwenzangu, ambaye wachezaji wote humwita Mwalimu kwa kuwa anafundisha kompyuta sekondari, ni seva ya Minecraft, yaani mashine ambayo wachezaji huingia kupitia mtandao kucheza pamoja mchezo wa kujenga dunia kwa vitofali, na ndani yake kuna Mwanza iliyojengwa kwa vitofali. Ilianza kama shughuli ya likizo ya vijana sita wa Kirumba na Pasiansi. Baada ya miaka minne ilikuwa na Mwamba wa Bismarck uliokadiriwa kwa macho kutoka ufukweni, soko la samaki la Mwaloni pamoja na mizani yake, kilima cha Bugando na hospitali juu yake, na vichochoro vya Makoroboi ambavyo mgeni hupotea ndani yake kama anavyopotea katika vile vya kweli. Kila ukuta una mtoto au kijana aliyeuweka, na anajua ni wake.

Mwezi Juni tuliihamisha seva hiyo kutoka kwa mtoa huduma wa Ujerumani kwenda kwa mwingine aliyeko Nairobi. Faili zote zilifika salama, hakuna kitofali kilichopotea njiani, na hata hivyo kwa muda wa saa tisa kulikuwa na Mwanza mbili zinazojengwa kwa wakati mmoja na watu wasiojua kwamba wametengana. Ninaandika kisa hiki kirefu kwa sababu wengi wanaopanga kuhama hushughulika mno na kunakili, ilhali hatari kubwa imo katika zile saa ambazo mahali pa zamani na mahali papya vyote viko hai.

Sababu za kuhama zilikuwa tatu, na mbili hazihitaji maneno mengi: bei ilikuwa kwa euro na ilipanda mara mbili, na diski ya mashine ile ilikuwa imechoka kiasi kwamba kuhifadhi dunia kulisimamisha mchezo kwa sekunde kadhaa. Ya tatu ilikuwa umbali. Mwanza na Frankfurt, mji wa Ujerumani ilikokuwa mashine yetu, zimeachana kwa zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama pangekuwepo na waya ulionyooka kama kamba ya fundi mwashi, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 60. Waya wa namna hiyo haupo. Data zinazotoka kwetu hushuka kwanza Dar es Salaam kwa mkongo wa nchi kavu, kisha huingia baharini na kuzunguka, na pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, tuliyokuwa tukiiona jioni ilikuwa juu ya milisekunde 170.

Minecraft ya toleo la Java hutumia TCP, kanuni ya kutuma data inayotaka kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ifike kwa mpangilio, na jambo hili ndilo linalofanya njia ndefu iumize zaidi. Pakiti moja ikipotea, zote zilizo nyuma yake husubiri mpaka iliyopotea itumwe tena. Mchezaji huona wenzake wameganda, halafu ghafla wote wanaruka mbele pamoja. Kwa hiyo tulipoanza kulinganisha watoa huduma hatukuangalia wastani wa pingi peke yake. Tuliangalia pia ni pakiti ngapi zinapotea na ni kwa kiasi gani pingi inapanda na kushuka. Tulipima kila siku kwa wiki nzima, saa mbili usiku, kutoka kwenye simu zenye laini za mitandao tofauti, tukiwa Kirumba, Igoma na Nyegezi. Kipimo cha mchana kwenye intaneti ya ofisini kinaeleza hali ya ofisi. Wachezaji wetu hucheza usiku, kwa bando, wakati mtaa mzima uko mtandaoni.

Walibaki watatu: yuleyule wa Ulaya kwa mashine mpya, mmoja wa Johannesburg, na mmoja wa Nairobi. Hapa historia ya karibuni ilitusaidia. Februari 2024 mikongo kadhaa ya baharini, ikiwamo SEACOM, ilikatika katika Bahari ya Shamu, ambayo ni njia kuu ya kwenda Ulaya. Mei 12 mwaka huohuo ikatokea hitilafu katika mikongo ya EASSy na SEACOM upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Kwa maneno mengine, ndani ya miezi minne njia ya kaskazini iliguswa na ya kusini ikaguswa. Nairobi iko umbali wa kilomita kama 450 kutoka Mwanza, na inafikika bila kuvuka bahari yoyote.

Hata hivyo ramani haikutosha kutuamulia. Mtandao mmoja wa simu, ambao theluthi ya wachezaji wetu wanautumia, ulikuwa unapeleka data za Nairobi kwa kuzunguka nje ya Afrika Mashariki kabisa kabla ya kuzirudisha, na pingi yake ikawa mbaya kuliko ya Johannesburg. Tuliliona hilo kwa kufuatilia kila kituo ambacho pakiti inapitia. Tulimwandikia mtoa huduma wa Nairobi, tukamwambatishia vipimo, na baada ya siku nne njia ikarekebishwa. Kama tungepima kwa laini moja tu, tungehama na kuwaacha wale wengine katika hali mbaya kuliko waliyokuwa nayo.

Kuhusu mashine yenyewe nitasema jambo moja. Tangazo la kila mtoa huduma hujivunia idadi ya viini vya prosesa, lakini kazi kuu ya seva ya Minecraft, ya kusogeza dunia mbele mapigo 20 kwa sekunde, hufanywa kwa sehemu kubwa na kiini kimoja. Kila pigo lina milisekunde 50. Kazi ikizidi hapo, dunia nzima inazorota, hata kama viini vingine saba vimekaa bure. Tulichagua mashine ya viini vinne vyenye kasi, tukaiacha ya viini vinane vya polepole iliyokuwa na bei ndogo zaidi.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe tulifanya zoezi kamili: tulinakili dunia ikiwa bado inachezwa, tukaiwasha Nairobi kwa siri, na Mwalimu akaingia kwa akaunti yake. Alikuta amesimama pale wanapoanzia wageni wote, mbele ya soko la Mwaloni, na mfukoni hana kitu. Panga, mbao, almasi, ramani alizokusanya kwa miaka minne, vyote havipo. Aliniambia kwa simu, kwa utulivu ambao mimi singekuwa nao, “Kaka, hapa mimi ni mgeni.”

Alisema kweli kabisa. Seva haimtambui mchezaji kwa jina. Inamtambua kwa namba ndefu ya UUID, na mali zake ziko katika faili lenye namba hiyo. Akaunti ikithibitishwa, namba ni ileile daima. Isipothibitishwa, seva huitunga namba kutokana na jina, na namba hiyo ni nyingine. Mfumo wetu una seva mbili: ya mlangoni, inayoendeshwa na programu ya BungeeCord, ambayo ndiyo inayothibitisha akaunti, na ya ndani yenye dunia, ambayo haithibitishi lolote bali hupokea utambulisho kutoka mlangoni. Huko Nairobi tulikuwa tumebeba folda ya dunia na ya plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, lakini mpangilio unaoiambia seva ya ndani ipokee utambulisho huo ulikuwa katika faili lililoko nje ya folda hizo, na hatukulibeba. Laiti tungehama siku hiyo bila zoezi, kila mchezaji angeingia mikono mitupu na seva ingeanza kumwandikia faili jipya.

Zoezi hilohilo lilitufundisha kufunga poti (mlango wa mtandao) ya seva ya ndani. Kwa kuwa haithibitishi akaunti, mtu yeyote akiweza kuifikia moja kwa moja anaweza kujiita jina la msimamizi na ikamwamini. Kwa mtoa huduma wa zamani ukuta wa ulinzi ulikuwa umewekwa tangu mwanzo na tukasahau kuwa upo. Kwa mpya poti zote zilikuwa wazi. Tuliifunga seva ya ndani isisikilize yeyote ila seva zetu za mlangoni, na mlango pekee unaoonekana nje ukawa 25565, ambao wachezaji wameuzoea.

Tulikataa kupandisha toleo la mchezo wakati wa kuhama, ingawa vijana walitusihi sana. Ukihama na kubadili toleo kwa wakati mmoja, kisha jambo likaharibika, hujui ni lipi kati ya hayo mawili limeliharibu.

Nakala za akiba tuliziweka mahali patatu: kwa mtoa huduma wa zamani, kwa mpya, na kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini kwa Mwalimu, Capri Point. Wapo walioona tunazidisha. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na waendeshaji wa mchezo wa Rust wakatangaza kwamba data za seva zao 25 za Ulaya hazitarudi. Nakala iliyoko katika jengo lilelile na chanzo chake ni nakala ya jina tu.

Usiku wa kuhama tulichagua Jumatano. Siku tatu kabla, tulikuwa tumepunguza muda ambao rekodi ya DNS, mfumo unaogeuza jina kuwa namba ya mashine, ya jina letu inaruhusiwa kukumbukwa, kutoka sekunde 86,400, yaani siku nzima, hadi 300, ili jina likielekezwa Nairobi mabadiliko yaonekane ndani ya dakika chache. Saa nane usiku tulitoa tangazo la mwisho, tukazima seva ya Ujerumani kwa amri ya kawaida, tukaendesha mara ya pili rsync, programu ya kunakili faili zilizobadilika tu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia ilikuwa imeshanakiliwa, safari hii zilipita tofauti tu, na dakika 40 zilitosha. Tulilinganisha alama za uhakiki za faili zote, zikalingana. Saa tisa na nusu dunia ya Nairobi ilifunguliwa, tukabadili DNS, tukaingia wawili wetu, tukatembea kutoka Bugando hadi ziwani. Mifuko yetu ilikuwa imejaa. Tukalala.

Saa nane mchana niliamshwa na ujumbe wa kijana mmoja wa Kirumba, wa kidato cha pili: “Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Mbona leo seva ina watu wachache hivi, wengine wamekwenda wapi?”

Niliangalia seva ya Nairobi: wachezaji 23. Yeye hakuwamo. Nikamjibu marahaba, nikamwuliza ameingia kwa anwani gani. Akanitumia picha. Chini ya kioo cha kompyuta ya chumba cha michezo anachochezea kuna kipande cha gundi ya karatasi, kimekuwa cha kahawia kwa vumbi na vidole, na juu yake kwa kalamu ya maka imeandikwa namba ya IP, yaani anwani ya mtandaoni, ya mashine ya Ujerumani. Niliutambua mwandiko. Ulikuwa wangu, wa mwaka wa kwanza, kabla hatujanunua jina.

Uangalifu wetu wote ulikuwa kwenye DNS, nayo ilifanya kazi barabara. Lakini mtu aliyeandika namba hauulizi mfumo wa majina chochote. Anakwenda moja kwa moja kwenye mashine ile. Kompyuta nane za chumba kile zilikuwa na kipande cha namna hiyo kila moja. Bado hilo peke yake lisingeleta madhara zaidi ya kumnyima mchezaji kuingia, kama seva ya zamani ingekuwa imezimwa kweli. Tulikuwa tumeizima saa nane usiku. Saa kumi na moja alfajiri ikajiwasha, kwa sababu miaka mitatu iliyopita tuliweka ratiba ya kuiwasha upya kila alfajiri ili kupunguza mzigo wa kumbukumbu, na ratiba hiyo haikuwa ndani ya mchezo bali katika paneli ya mtoa huduma, mahali ambapo hatukuwa tumepafungua kwa muda mrefu. Ilifanya kazi yake kama tulivyoiagiza. Ukurasa wa kukaribisha ulikuwa uleule, dunia ileile, na vijana tisa wa likizo wakaingia na kuanza kujenga.

Walichojenga ndicho kilichotufanya tukatae kukifuta. Ndugu wawili walikuwa wameunda mitumbwi ya dagaa kumi na minne, imetawanyika gizani upande wa kaskazini wa mwamba, kila mmoja na taa yake juu ya maji, kama inavyoonekana ukisimama ufukweni usiku usio na mbalamwezi, wakati wavuvi wanawasha taa kuwavuta dagaa. Mwalimu alipoingia kutazama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hatulali mpaka mitumbwi hiyo ifike Nairobi.

Dunia mbili za Minecraft haziunganishwi kwa amri moja. Zinaweza kuunganishwa kwa vipande, kwa sababu dunia huhifadhiwa katika mafaili ya maeneo, kila faili likiwa na chanki 32 kwa 32, na kila chanki ina upana wa vitofali 16 kwa 16, yaani eneo zima ni vitofali 512 kwa 512. Jina la faili hutokana na mahali lilipo. Kwa namba zinazoonyesha mahali ndani ya mchezo, mitumbwi ilikuwa karibu na x 1180 na z −340. Ukigawa 1180 kwa 512 na kushusha hadi namba nzima iliyo chini yake unapata 2. Ukigawa −340 kwa 512 unapata sifuri na sehemu hasi, na hapo nilikosea, nikakata desimali nikaandika 0. Inatakiwa kushusha, si kukata, na kushuka kutoka hapo ni −1. Faili lilikuwa r.2.-1.mca. Kwa kosa langu la kwanza tulibeba kipande cha ziwa tupu. Tena, tangu toleo la 1.17 viumbe na vitu vinavyosogea vina folda yao, na tangu 1.14 kuna folda nyingine ya maeneo yenye shughuli. Faili la jina hilo linatakiwa litoke katika folda zote tatu kwa pamoja, la sivyo majengo yanafika bila wakazi.

Ugumu ulikuwa kujua ni eneo gani limebadilika upande upi. Tarehe za faili zilitudanganya, kwa kuwa seva huandika upya hata chanki ambayo mtu amepita tu bila kugusa kitu. Tulichotegemea ni kumbukumbu za CoreProtect, plagini inayoandika nani ameweka au kuondoa kitofali gani, wapi na lini. Kwa kila eneo tuliuliza pande zote mbili. Maeneo matano yalikuwa yamejengwa upande wa zamani peke yake; hayo tuliyabeba yalivyo, seva ya Nairobi ikiwa imezimwa na nakala mpya ya akiba ikiwa imechukuliwa. Eneo moja, la soko la Mwaloni, lilikuwa limejengwa pande zote mbili, na hapo hapakuwa na njia ya kitaalamu ya kumpendelea yeyote. Tuliwaita wahusika, vijana wanne, tukawaonyesha picha za pande zote. Waliamua wenyewe kubaki na la Nairobi, na yule aliyepoteza meza zake za kuanikia samaki akarudishiwa vifaa vyote alivyotumia, akazijenga upya jioni hiyo wenzake wakimsaidia.

Mali za wachezaji tulizitenganisha kwa kanuni moja: aliyecheza upande wa zamani peke yake alibeba faili lake la huko, aliyecheza kote kuwili alibaki na la Nairobi na kukabidhiwa kwa mkono alichochuma kule. Kazi nzima ilimalizika saa sita usiku.

Kesho yake tulibadilisha namna ya kuiacha seva ya zamani. Wazo letu la mwanzo lilikuwa kuizima tu, na sasa naona lilikuwa wazo baya hata bila ile ratiba, kwa sababu mchezaji anayekuta seva imezimwa hudhani ni hitilafu na husubiri, au huondoka moja kwa moja. Tulifuta ratiba, tukaiondoa dunia katika mashine ile, tukabakiza seva ya mlangoni peke yake, ambayo kwa siku saba za kwanza ilimpitisha mchezaji hadi Nairobi huku ikimwandikia anwani mpya, na baada ya hapo ikawa inamrudisha nje kwa ujumbe wenye anwani hiyo. Anayepitishwa hivyo anasafiri hadi Ujerumani na kurudi, na kukwama kwake ni kukubwa; hilo lenyewe lilikuwa kichocheo cha kubadili. Tulikuwa tumelipia mwezi mmoja wa ziada kwa mtoa huduma wa zamani, na kati ya gharama zote za kuhama hiyo ndiyo ninayoitetea bila kusita.

Mwezi ulipokwisha tulisoma kumbukumbu za mlango ule. Siku sita mfululizo hakuna aliyegonga. Tulifuta nakala za data zilizobaki huko, zikiwamo anwani za IP za wachezaji ambao wengi wao ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini tangu Mei 1, 2023, na hata pasingekuwa na sheria, hakuna sababu ya kuziacha kwenye mashine itakayopewa mtu mwingine. Kisha tukafunga akaunti.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kirumba na kalamu ya maka. Vipande saba vya gundi nilivibandua na kuandika vipya, safari hii jina badala ya namba. Cha nane, cha kompyuta ya dirishani, kilikuwa kimeshabanduliwa na jina limeandikwa tayari, kwa mwandiko wa yule kijana wa kidato cha pili.